Damu ya ng'ombe ni ya nani?

Jioni moja tulikuwa tukiwafundisha watu wazima mafundisho ya ndoa, chini ya mti ulio kando ya kapela yetu ya mlimani, mahali ambapo mtu huliona ziwa Kivu mbali chini. Tulifika penye sura ya vizuio, tukaeleza kwamba Kanisa haliruhusu mtu amwoe ndugu yake wa damu, wala mtoto wa ndugu ya baba au ya mama yake isipokuwa kwa ruhusa maalum. Watu waliitikia kwa vichwa, kwa maana koo zetu nyingi zilikuwa na mwiko wa namna hiyo kabla misioni haijajengwa. Ndipo mzee mmoja, mtu wa ng'ombe tangu utoto wake, aliposimama na fimbo yake mkononi.

"Mwalimu," alisema, "juu ya watu sina neno. Lakini dume wangu mnamjua. Mwaka huu ni wa nane yumo zizini mwangu. Amewapanda binti zake, na sasa anawapanda binti za binti zake. Je, nimeweka dhambi nyumbani kwangu, ama ng'ombe hawahusiki?"

Watu walicheka sana, na sisi tulicheka pamoja nao. Tulimjibu kwa kifupi: "Baba, mnyama hana dhambi, keti." Kisha tukaendelea na somo. Lakini usiku ule, tulipokuwa tukishuka mlima na kuisukuma baiskeli kwa sababu ya mawe, tuliona kwamba tumemjibu juu ya dume, na yeye hakuuliza juu ya dume. Aliuliza juu ya nafsi yake. Alisema: "Nimeweka."

Miezi michache baadaye tulipata habari kwamba mitamba wake wawili wametupa mimba, na ndama wa tatu amezaliwa na miguu dhaifu, hata asiweze kusimama kunyonya. Hatusemi kwamba sababu ni ile aliyoiuliza. Ng'ombe hutupa mimba kwa magonjwa mengi, na veterineri peke yake aweza kuyatambua kwa kupima. Ila tulikumbuka kicheko chetu, tukaona haya. Basi, wasomaji wapenzi, leo tunalirudia swali la mzee yule, nasi tutalijibu kwa urefu zaidi kuliko siku ile.

Kwanza tuweke mbali jambo moja lisituchanganye. Mwiko wa ndoa kati ya ndugu haukuwekwa kwa ajili ya afya ya watoto tu. Umewekwa pia kwa ajili ya heshima ya nyumba, ili baba awe baba, na dada awe dada, wala pasiwe na mtu ndani ya nyumba anayemtazama mwenzake kwa jicho jingine. Mnyama hana nyumba ya namna hiyo. Dume hamjui binti yake akiisha kuachishwa maziwa. Kwa hiyo jibu letu la kwanza lilikuwa la kweli: ng'ombe hatendi dhambi. Lakini ng'ombe hakujichagulia dume. Mwenyewe ndiye aliyemchagulia, na mwenyewe ana akili. Pale penye akili na uchaguzi, ndipo penye swali la wema na ubaya.

Sasa tueleze jambo lenyewe linavyokwenda ndani ya mwili. Wazee wetu walisema "damu", nasi tutasema vivyo hivyo, ingawa wataalamu wamekwisha kujua kwamba urithi haupiti katika damu hii nyekundu. Unapita katika nyuzi ndogo mno zilizo ndani ya kila chembe ya mwili. Ng'ombe ana jozi 30 za nyuzi hizo. Katika kila jozi, uzi mmoja umetoka kwa baba na mmoja umetoka kwa mama, na juu ya nyuzi zimepangwa sehemu ndogo ziitwazo jeni, maelfu na maelfu, kila moja na kazi yake.

Fikirini karani mwenye daftari mbili zilizonakiliwa na watu wawili. Mahali ambapo daftari moja ina kosa, karani husoma katika ya pili, na kazi inaendelea. Wala mkubwa wake hatajua kamwe kwamba kosa lilikuwako. Kila mnyama, hata yule mzuri kupita wote, anachukua makosa kadhaa ya namna hiyo yaliyofichika. Hayamdhuru, kwa sababu daftari ya pili ni nzima. Lakini zikiwa daftari zote mbili zimenakiliwa kutoka katika daftari moja ya zamani, basi kosa litakuwa mahali pale pale katika zote mbili, na karani hana pa kusoma. Ndivyo inavyokuwa ndugu wakizaliana. Dume akimpanda binti yake, yule ndama, kwa kadiri ya moja kwa nne ya urithi wake, atapokea nakala mbili za kitu kile kile kimoja kilichotoka kwa dume yule. Wakizaliana ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali, kadiri ni moja kwa nane. Mara nyingi hakuna kinachoonekana. Ndama ni mdogo kidogo, mtamba anachelewa kushika mimba, maziwa yanapungua kikombe, na mwenyewe atasema majani ya mwaka huu ni mabaya.

Kuna hesabu nyingine ambayo tulipoisikia mara ya kwanza hatukuiamini, mpaka tulipoifanya wenyewe kwa kalamu. Mtu ana majike mia moja na dume mmoja. Tungesema ana kundi kubwa. Wataalamu wanasema: kwa habari ya kutunza tofauti za damu, kundi lile ni sawa na kundi la ng'ombe wanne, madume wawili na majike wawili. Sababu yake ni wazi ukifikiri. Nusu ya urithi wa ndama wote watakaozaliwa inatoka upande wa akina baba, na baba ni mmoja tu. Hata majike wangekuwa elfu, ile nusu inapita katika tundu moja la sindano. Weka madume watano kwa majike wale wale mia, na kundi linakuwa kama la ng'ombe 19. Weka kumi, linakuwa kama la 36. Mzee wetu alikuwa na majike kumi na sita, na dume mmoja.

Lakini tusimhukumu upesi. Yule dume alikuwa mzuri kweli. Sisi wenyewe tumepita penye boma lile tukasimama kumtazama. Alikuwa mwekundu wa giza, pembe nyeupe zimepanda juu na kufunguka kama mikono ya mtu anayeomba, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu. Yeye ni wa kabila lile la ng'ombe wenye pembe ndefu ambao Wazungu huwaita Ankole, kwa jina la nchi iliyo Uganda, lakini wako pia Rwanda na Burundi, upande wa Karagwe kule Tanzania, na huku kwetu mashariki ya Kongo. Wahima wa Ankole wanaipenda rangi hiyo ya giza kuliko zote, wakaiita bihogo. Nako Rwanda wafalme walikuwa na makundi ya Inyambo, wenye pembe ndefu kupita kiasi, na hata leo wageni huwatazama penye jumba la kifalme huko Nyanza. Mtu akipata dume wa namna hiyo hatamwuza. Na jirani zake nao wataleta majike yao kwake, wote, kutoka mlima huu na mlima ule, kwa sababu kila mmoja anatafuta lililo jema.

Hapa ndipo penye ugumu wa jambo hili, na tunaomba msomaji akae nasi kidogo. Katika maovu mengi tunayoyakemea, mtu mmoja anataka kitu kibaya. Anataka mali ya jirani, au anataka kulipiza kisasi. Huku hakuna anayetaka kitu kibaya. Kila mtu amechagua dume aliye bora, na amefanya vema kuchagua. Ubaya unaingia kwa sababu wote wamechagua yule yule. Baada ya miaka ishirini kila jike mlimani ni binti yake au mjukuu wake, na hakuna tena jike wa kumpandisha ambaye si ndugu. Nani amekosa? Ukiwaita mmoja mmoja mbele ya hakimu, kila mmoja atatoka ameshinda.

Jambo hili limekwisha kutokea mbele ya macho ya dunia nzima, wala si katika nchi maskini. Mwaka 1962 alizaliwa huko Nebraska, Marekani, dume wa kabila la Holstein, wale weupe na weusi wenye maziwa mengi. Jina lake lilikuwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Binti zake walitoa maziwa mengi sana, na kwa kuwa siku zile mbegu ya dume ilikuwa imekwisha kuwekwa katika baridi kali na kusafirishwa mbali, aliweza kuzaa bila kuondoka mahali pake. Alipata binti 16,000, wajukuu wa kike wapatao nusu milioni, na vitukuu wa kike zaidi ya milioni mbili. Wamehesabu kwamba karibu sehemu 14 katika 100 za urithi wote wa kabila lile zimetoka kwake yeye mmoja.

Basi Chief huyo alichukua kosa moja lililofichika, katika jeni moja. Mwenye nakala moja ya kosa hilo haumwi. Mwenye nakala mbili hafi baada ya kuzaliwa. Anakufa tumboni mwa mama yake, na mfugaji anaona tu kwamba jike wake hakushika mimba au ameitupa. Wajukuu walipoanza kukutana na wajukuu, kosa likakutana na kosa. Ilikuwa miaka ya 2011 na 2012 wataalamu walipoligundua mahali lilipo, ndiyo kusema karibu miaka hamsini tangu dume yule kuzaliwa. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 ilisema ndama zaidi ya nusu milioni wamepotea tumboni duniani pote kwa ajili yake, na hasara ni kama dola milioni 420.

Mwenye kuhesabu feza peke yake atatucheka, na tunamwonya mapema kwamba anayo haki ya kusema. Wale wale waliohesabu hasara walihesabu na faida pia: maziwa yaliyoongezeka kwa sababu ya Chief yamepewa bei ya dola bilioni 30. Mizani imeanguka upande wake. Nasi hatusemi kwamba wenye kumtumia dume yule walitenda dhambi. Hawakujua, na asiyejua, bila uzembe wake, hana lawama. Tunasema jambo jingine. Siku hizi ng'ombe wa Holstein ni mamilioni katika nchi nyingi, lakini kwa hesabu ile ya tofauti za damu tuliyoieleza, makadirio mengi yanawafanya kuwa chini ya mia moja. Kama ukitokea ugonjwa mpya, utawakuta wote na mlango ule ule wazi. Faida imekwisha kuliwa, na hatari imebaki kwa watu watakaokuja.

Wasomaji wengine watasema: Wazungu wana dawa, wana maabara, watajitengenezea. Labda. Turudi basi kwetu.

Kwa nini ng'ombe wetu hawakuharibika zamani, na wazee hawakuwa na maabara wala kitabu? Tumeuliza hili kwa wazee kadhaa, na jibu lilitokea katika mambo ambayo hawakuyafikiri kuwa dawa. Ng'ombe alikuwa anatembea. Kijana alipooa, ng'ombe wa mahari walivuka bonde wakaingia katika zizi la ukoo mwingine. Na mara nyingi ndama wa baadaye alirudishwa upande wa kwanza kama shukrani. Rafiki alimpa rafiki yake jike. Mtu aliyeogopa ugonjwa hakuweka ng'ombe wake wote mlima mmoja. Aliwagawa kwa watu wa mbali wamtunzie, ili tauni ikipita huku, kule wasalie. Kule Rwanda na Burundi mwenye nguvu alimkopesha ng'ombe mtu wa chini, naye akamtumikia. Desturi hiyo ilileta na unyonge mwingi, hatutaki kuisifu. Kule Rwanda mfalme Mutara Rudahigwa aliiondoa mwaka 1954, na alifanya vizuri. Lakini ndani ya desturi njema na ndani ya desturi mbaya, damu ilikuwa ikizunguka kama maji ya mfereji.

Tena wazee walikuwa na sababu ya kuogopa zizi moja. Karibu na mwaka 1890 sotoka iliingia katika nchi zetu za maziwa makuu, ikaua ng'ombe wengi kupita hesabu. Mahali pengine palibaki mmoja tu zizini, mahali pengine hapakubaki hata mmoja. Ugonjwa huo umekwisha duniani. Ilitangazwa mwaka 2011. Ila kila ng'ombe mwenye pembe ndefu tunayemwona leo ni mzao wa wachache wale waliopona, na waliopona walisambazwa tena mlima kwa mlima kwa mahari, kwa zawadi na kwa kukopeshana. Mzee wetu anasema "dume wangu". Ni kweli, ngozi na nyama ni zake. Akitaka kumchinja hakuna wa kumzuia. Lakini ile damu hakuitengeneza yeye. Bibi ya dume huyo alifika kwa mahari ya shangazi yake, na kabla ya hapo alitoka kwa watu ambao majina yao hakuna ayajuaye. Kitu kilichopokelewa hivi si mali ya mtu kama vile jembe alilolinunua sokoni. Ni amana. Mwenye amana aweza kula mazao yake, lakini hana ruhusa ya kuimaliza.

Siku hizi ng'ombe hatembei tena. Mahari nyingi zimekuwa franka au dola. Vita vilivyoanza kwetu mwaka 1996 vimenyang'anya na kuua ng'ombe wengi wa Kivu. Mtu aliyebakiwa na watano anawafunga karibu na nyumba na kulala mlangoni. Hatuwezi kumlaumu. Nani atampelekea rafiki jike upande wa pili, na njia ina watu wenye bunduki? Vita hivi vimeua na ndama ambao hawakuwa wamezaliwa, kwa sababu vimewafunga ndugu pamoja katika zizi dogo.

Vijana wana njia yao, nayo tumeisikia mara nyingi. Wanasema: "Mambo ya pembe ni ya wazee. Tulete mbegu ya ng'ombe wa Ulaya, damu mpya, na tatizo limekwisha." Neno hili lina sehemu ya kweli. Ndama wa kwanza wa jike wa kwetu na dume wa mbali huwa na nguvu, na jike wa pembe ndefu mwenye lita mbili au tatu kwa siku atakuwa na binti mwenye maziwa zaidi. Nyumba yenye watoto wadogo haitadharau maziwa hayo, na serikali ya Rwanda ilipoanza mwaka 2006 mpango wake wa kumpa kila maskini ng'ombe mmoja, wengi waliopewa walikuwa wa damu ya kigeni au mchanganyiko. Na mpokeaji alipaswa kumpa jirani ndama jike wa kwanza. Desturi nzuri, tunaipenda hiyo. Lakini mpandishe yule binti kwa mzungu tena, na binti yake tena, na tena: mara ya nne au ya tano hakuna kilichobaki cha bibi yake. Na damu hiyo "mpya" ni ipi? Ni ile ile ya akina Chief. Mtu amekimbia zizi lenye dume mmoja, akaingia katika zizi kubwa zaidi lenye dume mmoja.

Mwaka 2007 mkuu wa taasisi ya kimataifa ya uchunguzi wa mifugo iliyo Nairobi alieleza habari za ukame uliopita Uganda. Wafugaji waliokuwa wamebaki na ng'ombe wa Ankole waliweza kuwaswaga mbali mpaka penye maji. Wale waliokuwa wamewabadili kwa wageni wa Holstein walipoteza makundi mazima. Katika mwaka huo huo shirika la FAO lilitoa kitabu kikubwa juu ya mifugo ya dunia, likasema kwamba kabila moja la mifugo limekuwa likipotea karibu kila mwezi kwa miaka kadhaa, na kwamba moja katika kila tano liko hatarini. Kabila likipotea halirudi. Tunaweza kujenga upya shule iliyoungua. Uvumilivu wa jua, wa kiu na wa kupe uliopatikana kwa maelfu ya miaka ya kufa na kupona, hakuna fundi wa kuujenga.

Tulipokuwa tukizungumza haya na mwalimu mmoja wa shule, alituletea kizuizi kizuri, tukakaa siku mbili bila jibu. Alisema: "Kule Chillingham, kaskazini ya Uingereza, kuna ng'ombe weupe waliofungwa ndani ya ukuta tangu karne nyingi. Hawajaingiza damu ya nje. Baridi kali ya mwaka 1947 iliwaua, wakabaki 13, majike wanane na madume watano. Leo wamepita mia, na wataalamu waliowapima wameona kwamba wanafanana urithi karibu kama pacha. Mbona hawakufa?"

Habari yake ni ya kweli. Jibu letu ni hili. Mtu aliyevuka mto uliojaa mamba na kufika ng'ambo atakuambia kwamba mto ni salama. Wengine hawakufika ili wakuambie. Makundi mengine ya ng'ombe weupe waliofungiwa katika mashamba ya mabwana wa Uingereza yalikwisha, moja baada ya lingine. Lile la Chillingham limepona kwa sababu, labda, makosa yake mabaya yalikwisha kufa zamani pamoja na ndama walioyachukua, karne kwa karne, na hakuna aliyewategemea kwa maziwa ya mtoto wake. Mzee wetu hana karne za kungoja, wala hana ng'ombe wa kupoteza.

Basi anapaswa nini? Tuseme bila kumtwika mzigo ambao sisi hatuuchukui. Wajibu unafuata uwezo na elimu. Mjane mwenye jike mmoja atampeleka kwa dume aliye karibu, na hana deni kwa mtu. Mwenye dume anayefuatwa na mlima mzima ana deni kubwa zaidi, kwa sababu uchaguzi wake ni uchaguzi wa wengi. Huyo amwondoe dume kabla binti zake hawajafika umri wa kupandwa, yaani baada ya miaka miwili au mitatu. Wala hana haja ya kumchinja, ambadilishe na mtu wa mbali. Asihasi ndama wote wa kiume kwa sababu tu rangi zao si za kupendeza. Na akumbuke akina mama. Wazee wa ng'ombe wanaijua kila jike kwa jina, na mama yake, na bibi yake, bila daftari; watoto wao hawajui, basi waandike. Nasi walimu tuna wajibu wetu, maana mtu alituuliza swali la haki na tulimwambia aketi.

Tulipanda tena mlimani baada ya Pasaka. Tulimwomba mzee radhi mbele ya wale wale waliocheka, kisha tukamweleza hesabu ya majike mia na dume mmoja, kwa mawe madogo chini ya mti ule ule. Aliyatazama mawe kwa muda. Alituuliza kama ile hesabu ni ya Wazungu au ni ya kweli. Tulimwambia ahesabu mwenyewe. Akahesabu, akayapanga tena kwa namna yake, na kwa majina: hili ni fulani, binti wa fulani, na huyu baba yake ni yule yule, na huyu naye, na huyu.

Hakusema kitu siku ile. Lakini majuma matatu baadaye alivuka bonde na wanawe wawili, dume wake mwekundu mbele yao, mpaka kwa mtu ambaye baba zao waligombana zamani kwa ajili ya malisho. Walirudi na dume mwingine. Tumemwona. Ni wa rangi ya majivu yenye madoadoa, pembe moja imepinda chini, na wana wa mzee wanaona aibu kumpitisha barabarani siku ya soko. Mzee anasema mama yake huyo alipona ndigana mara mbili bila dawa. Jike wa kwanza aliyempanda atazaa mwezi wa nne.